Wakurdi wana haki ya nchi yao

Mwandishi mmoja anadai Wakurdi wa Iraq, sehemu ya taifa lisilo na nchi lililotawanyika Uturuki, Iran, Iraq na Syria, walifanya pupa kupiga kura ya uhuru Septemba 2017. Pupa gani, ndugu yangu? Mkataba wa Sèvres wa 1920, wa kugawa dola ya Osmania baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliwapa matumaini ya nchi yao, ule wa Lausanne wa 1923 ukawasahau kabisa. Kule Kobani, Syria, wenzao, wakiwemo akina dada wa YPJ, kikosi cha wanawake wa Kikurdi, walipigana na Daesh (kundi la Dola la Kiislamu) nyumba kwa nyumba hadi wakawatimua Januari 2015. Dunia ikashangilia. Ila zaidi ya asilimia 90 waliposema ndiyo kwenye kura ile ya Iraq, wiki tatu baadaye jeshi la serikali ya Baghdad likaingia Kirkuk, mji wa mafuta uliokuwa mikononi mwa Wakurdi, na Marekani iliyowategemea vitani ikakaa kando. Mgawanyiko wa vyama vyao uliwaponza pia, sikatai. Lakini kuwalaumu kwa pupa ni kuwaonea.