Haibridi sio mzigo mara mbili

Nimesoma makala moja ya magari, mwandishi wake anasema haibridi (gari la injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme) ina injini na mota kwa hiyo vya kuharibika ni mara mbili, hapo mi nakataa kabisa. Chukua Toyota Prius, ipo sokoni tangu 1997, fungua boneti hukuti stata wala alteneta ya kawaida, na giaboksi yake haina klachi, ni seti ya gia za sayari zimeng'atana muda wote: gia ya katikati imeshikwa na mota moja, ringi ya nje na mota ya pili, injini inazungusha zile gia ndogo zilizo kati yao. Mota ya kwanza ndo inawasha injini na kuchaji betri. Ukikanyaga breki mota inageuka jenereta na yenyewe inapunguza mwendo, ndo maana pedi zinadumu sana. Kweli betri na inverta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uendeshe mota) ni gharama, ila jamani safisheni ile njia ya hewa ya kupoza betri pembeni ya siti ya nyuma, ikijaa vumbi betri inachemka! Pia sio haibridi zote ziko hivi, zingine mota imebanwa kati ya injini na giaboksi ya kawaida, na hizo klachi zinazo.