Ndege ni za Nairobi, kelele ni za nani?

Mama ana kipaji ambacho nadhani tunacho sisi tu tunaokaa nyuma ya uwanja wa ndege wa Malindi. Anaweza kukatiza maneno katikati, akangoja ndege ipite juu ya mabati, kisha akaendelea palepale alipoachia. Juzi alikuwa akinigombeza kwa sababu ya gesi. "Nilikwambia tangu Jumatatu, mtu..." Ndege ikapita. Vikombe vikatetema kabatini. Nikadhani nimepona. "...ngi mwepesi, unyanyue uone!"

Nayasema haya mwanzo ili asije mtu akadhani nimekuja kulia na ndege. Mpwa wangu ana tuktuk na abiria wake wa maana huwapata pale getini. Jirani wa upande wa pili hupeleka mboga hotelini, na hoteli isipokuwa na wageni mchicha humrudia nyumbani. Mji huu unakula kwa mgeni. Hata muuza mahamri na mbaazi wa kona yetu anajua msimu umefunga kabla gazeti halijasema.

Tena upepo tunaujua kuliko wengine. Ndege hupenda kukabili upepo, ikitua na ikiruka. Kwa hiyo wakati wa kusi sisi huzipokea zikitua, na kaskazi ikishika huzisindikiza zikiruka, na huko kuruka ndiko kwenye makelele. Mtoto wa hapa atakwambia kaskazi imeingia bila kutazama bahari.

Shida inaanzia kwenye urefu. Njia ya kurukia ya Malindi ina mita 1,400 hivi. Zinatosha ndege za pangaboi zinazotoka Nairobi. Jeti kubwa iliyojaa watalii kutoka Italia hazitoshi, ndiyo maana wageni hao wengi hushukia Mombasa, kisha wakapakiwa kwenye gari kilomita kama 120 hadi huku. Basi kwa zaidi ya miaka kumi tumekuwa tukisikia habari za kuurefusha uwanja, na kilomita 2.5 ndizo zinazotajwa sana. Kila kampeni uwanja huwa mrefu. Kura zikishahesabiwa unarudi kwenye mita zake 1,400.

Wanasiasa wakiongea juu ya urefu huo hutazama Italia. Sisi hutazama ua wa nyuma, maana ardhi ya kurefushia haitoki baharini.

Nje ya nyumba ya jirani yangu, mama mmoja mjane, kuna mabloki ya saruji yaliyopangwa vizuri chini ya mwembe. Aliyanunua kidogo kidogo kwa pesa za chama, akusudie kuongeza vyumba viwili apangishe. Siku moja wakapita watu na vyombo vya kupimia, wakachomeka vigingi, na mmoja wao akamwambia, kwa upole kabisa, "Mama, ningekuwa wewe nisingejenga." Hakumpa barua wala tarehe. Hakumwambia ni nani anayekataza wala mpaka lini. Vigingi vyenyewe mbuzi walishaving'oa. Mabloki bado yapo, yameota kuvu ya kijani upande wa kivulini, na mjusi mmoja mnene ameyafanya jumba lake.

Kelele huzoeleka, mama yangu ni shahidi. Lakini hilo "ningekuwa wewe nisingejenga" halizoeleki. Mtu hajengi, hauzi, hakopeshwi, hachimbi hata choo kipya, na hakuna karatasi hata moja inayosema kazuiwa. Fidia hulipwa aliyehamishwa. Aliyesimamishwa bila kuhamishwa hana fungu lake popote.

Mwaka jana nilijitia ushujaa nikaenda kuuliza. Ofisi ya kwanza nikaambiwa mambo ya ndege ni ya Nairobi. Niliyempata wa huko Nairobi, kwa simu, akanambia mambo ya ardhi na majirani nikayaulize kwa kaunti. Ofisi ya tatu nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio jibu pekee nililo nalo hadi leo, na ni mzuri, una tarehe na kila kitu.

Nilirudi nyumbani nikaisoma Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale palipogawanywa kazi za serikali mbili. Kusema kweli, aliyenambia ndege ni za Nairobi hakudanganya. Usafiri wa anga ni kazi ya serikali ya kitaifa. Lakini teremsha kidole kwenye orodha ya kaunti: udhibiti wa uchafuzi wa hewa, wa kelele na wa kero nyingine za umma. Kelele, kwa jina lake. Teremsha tena: mipango na maendeleo ya kaunti, upimaji wa ardhi, makazi. Tena: takataka na majaa yake. Tena: mifereji ya maji ya mvua mitaani.

Kwa hiyo uwanja ni wa Nairobi, lakini karibu kila kitu kinachomfikia mtu wa nje ya ua wa uwanja kimo mikononi mwa kaunti.

Nisiwe mjanja wa kusoma nusu. Sheria ya mazingira ya 1999, inapoharamisha kelele zinazopita kiwango, inatanguliza kwamba hilo ni chini ya sheria ya usafiri wa anga. Maana yake hakuna afisa wa kaunti atakayesimama kwenye lami na kuiandikia ndege faini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 likipendekeza kelele za ndege zisipite wastani wa desibeli 45, na usiku 40. Ndege zetu ni za mchana zaidi, na sijaona mtu amekuja na kipimo mtaani kwetu, basi sitajifanya najua tuko wapi kwenye ngazi hiyo. Ninachojua ni kwamba mwalimu wa shule iliyo karibu nasi huachia chaki ubaoni, akangoja, watoto nao wakangoja, na hakuna ratiba ya masomo iliyowahi kuzihesabu dakika hizo.

Lakini kaunti ikiacha kuizungumzia ndege yenyewe, bado ina kazi tele. Chukua kunguru. Kila anayeishi pwani anamjua kunguru wa India, yule mwenye shingo ya kijivu, mwizi wa vifaranga, anayeshinda jaani. Ndege wa manyoya na ndege ya chuma wakikutana hewani ni hatari, hilo rubani yeyote atakwambia. Sasa jaa linapoachwa lifure karibu na uwanja, kunguru wakajaa, huo ni uzembe wa Nairobi au wa anayezoa taka? Au chukua mvua za mwaka. Lami hainywi maji. Ukiongeza kilomita ya lami umeongeza kilomita ya maji yanayotafuta pa kwenda, na kwa kuwa hayana adabu, yatapitia jikoni kwa mtu. Mfereji wa kuyapokea nje ya ua ni wa kaunti. Nitafurahi siku nikisikia mradi unaanza na mfereji.

Kubwa zaidi ni mipango. Ukitaka kujenga karibu na uwanja wa ndege, mamlaka ya usafiri wa anga lazima ikubali urefu wa jengo lako, lakini ramani ya nyumba huidhinishwa na kaunti. Anayepitisha ramani leo upande huu wa mji anaweza kesho kuiona nyumba hiyo ikipigwa alama ya X nyekundu. Tazama Wilson kule Nairobi, jinsi mji ulivyoachwa ukaota hadi kwenye ua wa uwanja, sasa marubani wanalalamikia maghorofa na wenye maghorofa wanalalamikia ndege. Malindi bado kuna nafasi ya kuchora mstari. Mstari huo mmoja tu ndio ninaoutaka: uwanja ukirefushwa utafika hapa, na kuanzia hapa jenga kwa raha zako. Uchorwe kwenye ramani, ubandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya wadi na kwa chifu, na uwe na tarehe ya kuisha nguvu, ili usipotimizwa mjane wangu aruhusiwe kuchanganya saruji.

Wapo watakaosema fidia ipo, subira tu. Katiba kweli, kifungu cha 40, inataka fidia ya haki ilipwe kamili na kwa haraka. Bunge likaja mwaka 2019 na marekebisho ya sheria ya thamani ya ardhi, yakaeleza hiyo "haraka" inaweza kufika hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Haraka ya mwaka mzima! Mwambie hivyo muuza mahamri ukimkopa.

Halafu kuna jambo la hati, ambalo mtu wa bara huwa halielewi mpaka umkalishe chini. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 ilitaka kila mwenye dai kwenye ukanda wa pwani ajitokeze alisajili. Wengi wa Wamijikenda hawakufikiwa au hawakusikilizwa, ardhi yao ikahesabiwa ni ya serikali, na wajukuu zao leo wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Ukija mtaani kwetu kuuliza "nani ana hati?" mikono itakayoinuka ni michache. Ukiuliza nani ana mnazi uliopandwa na baba yake, itainuka yote. Kifungu kilekile cha 40 kinaruhusu fidia kwa mkaaji wa nia njema asiye na hati, lakini neno lililotumika ni kuruhusu, siyo kulazimisha. Kati ya maneno hayo mawili ndipo penye mtaa wetu. Hapo natarajia kaunti isimame nasi, ihesabu nyumba na minazi na mikorosho mapema, ikiwa na orodha yake yenyewe, badala ya kungoja orodha ya mtu mwingine ndipo ishangae.

Tuliitwa kikaoni mara moja, wanakiita ushirikishwaji wa umma. Walileta projekta, wakaiwasha saa nne asubuhi uwanjani, jua lote lile, tukawa tunatazama shuka jeupe. Maandishi tuliyoweza kuyaona kwa shida yalikuwa ya Kiingereza. Mzee mmoja akainuka na fimbo yake akauliza, "Mwanangu, hiyo lami yenu itapita kwa mwembe au kwa kisima?" Kijana akajibu kwa heshima, "Mzee wangu, hilo ni suala la kitaalamu." Mzee akabaki amesimama. Mwembe anaujua, kisima anakijua, alichimba yeye.

Na hapo, wallahi sitii chumvi, ndege ya saa nne ikapita. Kijana akaendelea kusema, midomo tu tunaiona. Sisi sote tukangoja kwa utulivu, kama tulivyozoea. Ilipopita, yeye alikuwa ameshafika "asanteni kwa kutusikiliza."

Kinachoniudhi ni ile dhana kwamba tunapinga kwa sababu hatuelewi. Mji huu haukuanza jana kuona vyombo vikienda juu. Pale Ngomeni, kaskazini mwetu, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ikaenda kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Wazee wetu walikuwa wakivua samaki karibu na hapo. Mtu aliyeishi jirani na roketi anaweza kuonyeshwa ramani ya uwanja kwa Kiswahili, akaielewa.

Nikipata nafasi kikao kingine sitauliza habari za desibeli. Nitauliza mfereji uko wapi, jaa litahamia wapi, na mstari umepita wapi. Nitaomba majibu yaandikwe, maana ya mdomo tunayo ya kutosha.

Wiki iliyopita jirani yangu alinishangaza. Nilimkuta anahesabu mabloki, na mjusi kashahama. Alichukua kama thelathini hivi, akajenga banda la kuku, zuri kweli, limeezekwa makuti mapya. Nikamtania kama ana kibali. Akaondoa vumbi mikononi, akatazama upande wa uwanja.

"Waje tu," akasema. "Sasa watahesabu na kuku."