Kuruti simu: funguo za stoo na safari ya Mokowe

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Langoni, kisiwani Lamu, aliniletea simu ya GB 16 iliyojaa pomoni, na picha zake mwenyewe hazifiki mia mbili. Ndani kuna michezo asiyoicheza, duka asilonunua kitu, na kivinjari kinachorusha matangazo hata asipokifungua. Zote alizikuta humo siku aliponunua, na hakuna kitufe cha kuziondoa. "Iruti tu, kaka," akaniambia.

Hasira yake naielewa. Android imejengwa juu ya Linux, na katika Linux kuna mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote, ndiye ruti. Wewe uliyetoa pesa yako hupewi cheo hicho. Unaachiwa ukumbi na vyumba, funguo za stoo anabaki nazo aliyeiunda simu. Kuzichukua ndiko kuruti: unafuta utakacho, unazuia matangazo ndani ya programu nyingi na unahifadhi nakala kamili ya data zako. Ukishafungua butiloda (programu inayouamsha mfumo simu ikiwashwa, ambayo kwa kawaida hufunguliwa kwanza ndipo uruti), waweza hata kuweka mfumo mwingine kama LineageOS kwenye simu iliyotelekezwa na kampuni yake, japo simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku kwetu hazimo katika orodha yake.

Lakini shida ya kijana huyu ni nafasi, na hapo ndipo wengi tunapodanganyana. Programu za kiwandani hukaa katika sehemu ya mfumo, na picha zako hukaa katika sehemu nyingine kabisa. Ukifuta ya kwanza, ya pili haiongezeki hata kidogo. Angeiruti simu, akapoteza kila kitu (kufungua butiloda hufuta data yote), kisha akakuta GB zake ni zilezile.

Halafu kuna pesa. Menyu ya M-Pesa ya kwenye laini na *334# zitaendelea, kwa kuwa hazitegemei programu ya simu. Programu nyingi za benki, hata hivyo, huikagua simu kwanza, na zikiiona imerutiwa hukataa kufunguka. Magisk, chombo cha kuruti alichokitoa John Wu mwaka 2016, kina nyongeza zilizotungwa na wengine za kuficha ruti. Hufanya kazi mpaka Google ibadilishe ukaguzi wake, nawe unaanza upya. Anayependa vyombo ataiona burudani. Muuza samaki anayetaka kulipa mzigo alfajiri, boti zikiingia, haimfai. Kwenye Samsung ni vibaya zaidi: alama ya Knox, ulinzi wa Samsung wenyewe, ikishabadilika kwa kuruti hairudi, hata ukirejesha mfumo wa awali.

Usalama nao ni suala, ingawa mara nyingi hutiwa chumvi. Ruti yenyewe si virusi. Hatari ni kuwa programu moja uliyoipa ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kitu, pamoja na ujumbe wa benki wenye namba ya siri.

Simu ya mkopo, ile ya kulipa kila siku kidogo kidogo, usiiguse. Mpaka deni liishe, si yako.

Mimi huongeza hesabu moja ambayo walimu wa kuruti hawaitaji, kwa kuwa hawaishi kisiwani. Simu ikiganda kwenye nembo, wa Nairobi anatembea hadi Luthuli Avenue. Wa hapa, mafundi wetu wakishindwa, anavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi la Mombasa. Na umeme ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika mfumo mpya, hiyo safari si ya kubahatisha tena.

Basi nikachomeka waya kwenye laptopu na kutumia ADB, chombo cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, kwa amri ya "pm uninstall --user 0". Programu zikatoweka kwake bila ruti na bila kugusa picha zake. Faili asili limebaki kwenye mfumo, lakini data ambayo programu hizo zilikuwa zimeirundika kwenye sehemu ya picha zake iliondoka, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikila nafasi yake. Matangazo tukayapunguza kwa DNS ya faragha, mpangilio unaoiwezesha simu kutafuta anwani za mtandao kupitia seva inayokataa zile za matangazo, uliomo kwenye Android tangu toleo la 9. Ya YouTube hayakuguswa.

Akaniuliza kama basi kuruti hakuna maana tena. Nikamuuliza ile simu ya zamani ya babake, iliyolala kabatini, bado inawaka? Inawaka. Nikamwambia ailete hiyo. Haina benki, haina picha za harusi, na ikifa mikononi mwetu hakuna atakayepanda boti kwa ajili yake.