Edmund Hakuzaliwa Msaliti

Vijana wa Kisumu wanaofanya mazoezi ya King Lear, tamthilia ya Shakespeare, wananiambia Edmund, mwana wa nje ya ndoa wa mtawala Gloucester, ndiye rahisi kuliko wote kuigiza: ni nyoka, basi. Naona wanamwonea.

Uovu wake siupingi. Anaghushi barua ili Edgar, ndugu yake asiye na hatia, aonekane anataka kumuua baba yao. Baadaye anamsaliti baba mwenyewe, Gloucester, kwa Cornwall, mkwe wa Mfalme Lear, naye Cornwall anamng'oa mzee macho. Wanaomlaani Edmund huongeza kwamba Gloucester alikuwa amesema wazi kuwa anawapenda wanawe wote wawili sawasawa.

Alisema, ndiyo. Lakini alisemaje? Tamthilia ikianza tu, Gloucester anamtambulisha Edmund kwa Kent, mtawala mwenzake, kijana mwenyewe akiwa amesimama papo hapo. Anasema ameona haya mara nyingi kumkiri, hata akazoea. Anafanya mzaha juu ya mama aliyepata mtoto kabla ya mume, na juu ya raha ya kumtunga mimba. Edmund anajibu kwa heshima tupu. Kisha linatamkwa jambo linalopita upesi mno jukwaani: kijana huyu amekuwa mbali kwa miaka 9, na ataondoka tena. Miaka 9! Hatuambiwi alikuwa wapi wala alikuwa na nani. Baba anayedai kumpenda sawa na Edgar ndiye anayemhesabia siku za kuondoka, na kwa sheria ya Uingereza ya enzi hizo mtoto wa nje ya ndoa hakuwa mrithi wa ardhi ya babake. Mapenzi sawa bila shamba wala makao, kijana ayafanyie nini?

Huku magharibi mwa Kenya kijana wa namna hii tunamfahamu. Ndiye anayefika matangani, wasifu wa marehemu unasomwa, watoto wanatajwa mmoja mmoja, na jina lake halimo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Matangani kifungu hicho hakisomwi.

Akiwa anakata roho, Edmund anajifariji kwamba angalau alipendwa, kisha anajaribu kubatilisha amri yake ya kumuua Cordelia, binti wa Mfalme Lear. Amechelewa, Cordelia amekwisha nyongwa, na hatia inabaki yake. Ila mwigizaji aliyemcheza kama nyoka tangu mwanzo hatajua ayatamke vipi maneno hayo.