Kibali Kitangulie Kamba ya Fundi

Ukuta mwingine umesimama mtaani kwetu kati ya Ijumaa jioni na Jumapili, wakati ofisi za kata na za manispaa zimefungwa. Mwenye nyumba akiulizwa kibali, anajibu kwamba yeye hajajenga nyumba, amezungushia uzio tu. Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi wa Dar es Salaam, wakiwamo wasomi, na ndilo lililonifanya niandike. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inakataza kuendeleza ardhi ndani ya eneo la mipango miji bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Ukuta wenye msingi, nguzo za nondo na matofali ya inchi sita ni ujenzi, nao unahitaji kibali.

Kinachoniuma zaidi ni njia. Sehemu kubwa ya jiji hili ilijengwa kabla ya kupimwa, kwa hiyo njia zetu ni nafasi zilizobaki baada ya kila mtu kusimamisha nyumba yake, na zimedumu kwa sababu watu walistahiana. Mmoja akisogeza ukuta nusu mita, wa ng'ambo naye husogea kwa kuona kwamba akibaki nyuma atakuwa amedhulumiwa, na baada ya miaka michache, palipokuwa panapita gari dogo panapita bajaji, na palipokuwa panapita bajaji watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega. Tumewahi kumzika mzee mmoja wa mtaa huu ambaye jeneza lake halikuweza kubebwa mabegani kutoka nyumbani kwake. Lilishikwa kwa mikono, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma, na lilipofika kwenye kona ya ukuta mpya ikabidi liinamishwe upande, huku mwanawe akiweka kiganja kati ya ubao na matofali yasiyopigwa plasta ili lisikwaruzwe. Sisi tuliozoea kukimbilia jeneza na kupokezana tulibaki tumesimama nyuma, hatuna pa kupita. Njia hiyohiyo ndiyo anayopitishwa mama mwenye uchungu usiku, na ndiyo ambayo gari la zimamoto litaikuta imezibwa siku nyumba itakaposhika moto.

Maji ya mvua nayo hayana pengine pa kwenda: ukuta usioachiwa matundu huyarudisha sebuleni kwa jirani.

Najua wezi wapo, na sitamlaumu mtu kwa kutaka kulala salama na watoto wake. Nakubali pia, ingawa kwa shingo upande, kwamba kupata kibali kunachosha. Mtu mwenye leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kuishi kwenye kiwanja, anayetaka ukuta mfupi wa mbele hapaswi kuhangaishwa kwa michoro na safari za ofisini kama anayejenga ghorofa, na halmashauri zikitaka kutiiwa zirahisishe kibali cha uzio. Hata hivyo, ugumu wa kupata kibali haumpi mtu haki ya kumeza njia ya wenzake.

Lawama yangu nyingine naielekeza kwa wasimamizi, ambao hufika wakati mstari wa mwisho wa matofali umekwisha kupangwa na geti limefungwa, wakapaka alama ya X nyekundu na kuondoka. Katika barabara kuu jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa mpaka wa hifadhi ya barabara uliongezwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na waliojenga kabla ya mabadiliko hayo wanastahili kusikilizwa kwa namna yao. Huku mitaani hakuna utata wa namna hiyo. Palipopimwa, bikoni, yaani jiwe la mpaka wa kiwanja, ipo, au ilikuwapo mpaka ilipofunikwa kwa zege. Jirani akilalamika, anaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Wakishindwa kupatana, aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wakati huo wote ukuta unazidi kukauka na watoto wanazungukia mbali kwenda shule.

Ukaguzi ufanyike wakati wa msingi. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanaishi miongoni mwetu, na lori la matofali halipiti mtaani pasipo watu kuliona. Siku hiyohiyo, hata kama ni Jumamosi, waende, bikoni zifukuliwe zionekane, upana wa njia upimwe mbele ya majirani wa pande zote mbili, na asiye na kibali asimamishwe kwa maandishi. Mafundi nao wahusishwe. Fundi anayevuta kamba yake katikati ya njia anajua anachokifanya, kwani macho yake ndiyo yanayopima, na sioni kwa nini tumwache akapokee malipo yake na kwenda kuziba mtaa mwingine bila kuulizwa kama alionyeshwa kibali kabla ya kuchimba.