Petro Alilala Usingizi

Kila nikisikia muumini mwenzangu akisema "watawala wamewekwa na Mungu, basi tunyamaze," narudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 12. Aya zake ni 25 tu.

Inaanza vibaya. Mfalme Herode Agripa anamwua Yakobo, nduguye Yohana, kwa upanga. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, analitaja jambo hilo kwa aya moja na kupita: hakuna malaika, hakuna mlango uliofunguka. Mfalme anapoona kifo kile kimewapendeza watu, anamkamata na Petro. Amepima upepo, akaona damu inampa sifa, akataka kuongeza.

Petro analindwa na vikosi vinne vya askari wanne wanne. Watu 16 kwa ajili ya mvuvi mmoja! Usiku wa kuamkia siku ya kutolewa mbele ya watu, yeye amelala. Kafungwa minyororo miwili, katikati ya askari wawili, na usingizi umemkolea hata malaika anampiga ubavuni ndipo anaamka. Usingizi ule unanigusa kuliko hata minyororo kuanguka. Petro hakuwa na habari kwamba ataokolewa. Msiba wa Yakobo ulikuwa bado mbichi, na alijua fika upanga ule ni wa nani. Alilala kwa sababu alijua uhai wake haukuwa mikononi mwa Herode, iwe atatoka au hatatoka.

Ndiyo maana naumia ukuu wa Mungu juu ya wafalme unapohubiriwa kana kwamba ni kinga ya mwili. Mungu yule yule aliyemtoa Petro ndiye aliyeacha Yakobo auawe. Sura haisemi kwa nini, nami sithubutu kumtungia sababu. Mtu aliyefiwa na nduguye kwa mkono wa mkubwa, tafadhali usimwambie kwamba imani ilipungua. Hata waliokuwa wakimwombea Petro nyumbani kwa Mariamu, mamaye Yohana Marko, hawakuwa na imani ya kutisha: Petro alipobisha hodi na yule kijakazi Roda akakimbia ndani kuwaambia, walimjibu, "Una wazimu." Jibu la maombi yao lilikuwa limesimama nje ya lango.

Kisha tunapelekwa Kaisaria. Watu wa Tiro na Sidoni wametafuta suluhu na mfalme, kwa kuwa chakula cha nchi yao kinatoka kwake. Herode anaketi katika mavazi ya kifalme. Mwanahistoria Myahudi wa karne ile, Josephus, anasema lilikuwa vazi la fedha tupu lililometameta kwa jua la asubuhi. Anahutubia, umati unapaza sauti: "Ni sauti ya Mungu, si sauti ya mwanadamu." Hakuwakanya. Akapigwa, akaliwa na chango, akafa. Ulikuwa mwaka 44.

Wenye njaa wale siwalaumu sana. Nawaogopea wale wetu wanaomsimamisha mkubwa mbele ya madhabahu na kumvika sifa zilizo za Mungu peke yake, halafu wanaita jambo hilo heshima. Wanamwangamiza mtu wanayedhani wanampenda.

Na Warumi 13, pale pasemapo mamlaka imewekwa na Mungu? Paulo anamwita mwenye mamlaka "mtumishi wa Mungu." Barua ile ilikwenda Rumi, chini ya pua ya Kaisari Nero, wakati makaisari walikuwa wakijengewa mahekalu. Kumwita mtu wa namna hiyo mtumishi ni kumteremsha kitini, kwa maana mtumishi hutumwa na huulizwa. Yesu alimwambia Pilato vivyo hivyo: asingekuwa na mamlaka yoyote juu yake kama asingepewa kutoka juu. Kilichotolewa ni dhamana. Tutii sheria, tulipe kodi, tuwape heshima yao, lakini pale amri inapogombana na Mungu, Petro huyu huyu alikwisha kuliambia baraza la Wayahudi: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Walipigwa kwa ajili ya jibu hilo.

Kuwaombea wenye mamlaka tumeagizwa, nami naomba kwa moyo. Ila tunapofika hapo kwenye ibada, na wengine wakiomba afya na maisha marefu ya mkubwa, mimi huomba pia awe na mtu karibu naye wa kumwambia kweli. Kisha nahamia gerezani, kwa yule aliyefungwa katikati ya askari wawili, apate usingizi usiku huu.