Kabla ya kuing'oa VAV, tuiangalie feni

Saa tatu asubuhi, mwezi wa saba, ofisi moja ya ghorofa hapa Dodoma. Dada wa masijala amejitanda mtandio, na juu ya meza yake tundu la hewa limezibwa kwa kipande cha boksi na selotepu. Saa tisa alasiri wenzake wa upande wa magharibi walikuwa wanajipepea kwa mafaili. Jengo lilelile, mtambo uleule wa VAV, yaani kiyoyozi cha kati kinachobadili kiasi cha hewa kwa kila eneo. Mkandarasi niliyekuwa naye hakuchelewa kuhukumu: "Haya mambo ya VAV ni ya Ulaya. Funga split kila chumba, kila mtu na rimoti yake, basi."

Simlaumu. Split, kiyoyozi cha ukutani cha chumba kimoja, ikifa, kimekufa chumba kimoja, na fundi hakosekani. Ukitoka, unazima. Kwa jengo la vyumba kumi lenye madirisha yanayofunguka singeshauri zaidi ya hapo. Pengine ningeanza na feni ya dari.

Lakini majengo yaliyoota Mtumba na katikati ya jiji tangu Serikali ianze kuhamia huku 2016 mengi si ya vyumba kumi. Tena split ya kawaida haileti hewa mpya, inazungusha ileile. Kaa watu ishirini kwenye kikao cha muda wa saa tatu, madirisha yamefungwa, uone watakavyosinzia.

VAV inatoa hewa iliyopozwa sehemu moja, inapita kwenye dakti, yaani mifereji ya hewa, na kila eneo lina boksi lenye kilango. Chumba kikipoa kilango kinajibana, kikipata joto kinafunguka. Kinachobadilika zaidi ni kiasi cha hewa kuliko ubaridi wake. Vilango vingi vikijibana, feni kuu inapunguza mwendo, na hapa ndipo hesabu ya wapinzani wa VAV inaporuka mstari. Feni ikishuka hadi asilimia 80 ya mwendo wake, umeme haushuki hadi 80. Unashuka hadi karibu 51, kwa kuwa ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8. Ikishuka hadi nusu, kinadharia inabaki asilimia 12.5 tu. Kwenye jengo halisi hupati yote hayo, maana lazima ubaki msukumo wa kufikisha hewa kwenye boksi la mwisho. Hata ukikata theluthi ya faida hiyo, bado ni pesa, na ofisi ni siku chache sana zinazohitaji hewa yote kwa wakati mmoja. Jua la asubuhi linapiga mashariki, la jioni magharibi; watu wako safarini, vikaoni, kwenye chai.

Halafu kuna hali ya hewa yetu yenyewe. Juni na Julai alfajiri hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Mtambo wa kati ukifunguliwa njia ya kuvuta hewa ya nje, kompresa, ile pampu ya kupozea, inaweza kulala sehemu ya asubuhi. Split zako hamsini haziwezi. Vumbi la kiangazi, nakubali, litaziba chujio, na asiyesafisha chujio asinunue mtambo huu.

Sasa kwa nini dada anatetemeka? Boksi haliruhusiwi kufunga kabisa, kwa sababu watu wanahitaji hewa ya kupumua. Kwa hiyo hata chumba kilichopoa kinaendelea kumiminiwa kiasi cha chini kilichowekwa. Nchi za baridi huipasha hewa hiyo upya ndani ya boksi. Hapa hakuna atakayenunua hita. Tulipofika kwenye chumba cha mtambo tulikuta hewa inatoka kwa nyuzi 13. Hiyo ni namba ya Dar, ambako lazima upoze sana ili kukamua unyevu. Dodoma ya Julai kuna unyevu gani wa kukamua? Namba za pwani zinakosea na kwingine: huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12, hivyo feni iliyopimwa kwa Dar inapungukiwa mchana wa Novemba.

Baya zaidi, kifaa cha kubadili mwendo wa feni kilikuwa kimerukwa kwa waya. Vilango vinajibana, feni inakimbia vilevile, bili haishuki. Jengo lilikuwa limelipia VAV bila kuitumia.

"Na mwakani nani atakuja kuirekebisha?" mkandarasi akauliza. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote aliyosema, na kwa jengo lisilo na fundi wa kudumu anayeelewa vidhibiti, nampa ushindi. Ila gharama ya fundi huyo iwekwe kwenye mizani pamoja na ya kuhudumia split hamsini, kila moja na kompresa yake ukutani.

Tuliondoa ule waya, tukaweka nyuzi 17 asubuhi na 14 kuanzia saa sita. Magharibi hawajapiga simu tena. Selotepu ya masijala bado ipo. Dada anasema ataibandua Agosti ikipita.